Stroke Sio Ya Guka Pekee: Kila Kitu Kijana wa Nyeri na Miji ya Mlima Anafaa Kujua

Ukiskia mtu ameshikwa na stroke, picha ya kwanza kichwani ni guka ameketi nje ya nyumba pale ocha, mkono mmoja umelala kwa paja na fimbo iko kando. Hiyo picha ni ya ukweli, lakini sio yote. Shirika la kimataifa la World Stroke Organization linasema watu zaidi ya milioni 12 hupata stroke mpya kila mwaka duniani, na karibu 16 kati ya kila 100 ni wa miaka 15 hadi 49. Hiyo ni rika ya dere wa mat, kinyozi, mwanafunzi wa Dedan Kimathi na mama mwenye kibanda soko ya Karatina. Na kwa Waafrika, stroke huja mapema kuliko kwa Wazungu, mara nyingi kwa zaidi ya miaka kumi.

Hata masupastaa haiwaachi. Emilia Clarke, ule manzi wa Game of Thrones, alipasuka mshipa kwa ubongo 2011 akiwa na miaka 24. Hailey Bieber naye, Machi 2022, alikuwa anakula breakfast na bwana yake wakati mkono ulianza kufa ganzi na maneno yakakataa kutoka. Alikuwa na miaka 25.

Kama utabeba kitu moja tu hapa, beba hii: stroke nyingi hutokana na presha ambayo mwenyewe hakujua ako nayo, na ikishatokea, saa ndio inaamua kama mtu atarudi job ama atabaki kitandani.

Stroke ni nini hasa?

Kiswahili sanifu kinaiita kiharusi. Ubongo unaishi kwa damu. Damu ikikosa kufika sehemu fulani, hiyo sehemu inaanza kufa hapo hapo. Madaktari wamehesabu kuwa kwa stroke ya kawaida ya mshipa mkubwa, ubongo hupoteza seli kama milioni 1.9 kila dakika.

Kuna aina mbili. Ya kwanza ni mshipa kuzibwa na damu iliyoganda. Hii ndio mob zaidi. Ya pili ni mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya kichwa. Hii ni kidogo kwa hesabu lakini inaua haraka, na Afrika tuko nayo kwa wingi kuliko nchi tajiri kwa sababu presha nyingi huku hazitibiwi.

Kwa macho hauwezi kujua ni gani. Zote mbili zinafanana. Mashine ya skani ya kichwa, ile inaitwa CT, ndio inaweza kusema. Shika hiyo point, tutairudia.

Alafu kuna stroke ndogo. Dalili zinakuja, zinakaa dakika kadhaa, zinaisha, msee anasema ako fiti na anaendelea na maisha. Hiyo ndio ilimpata Hailey Bieber. Ikikupata, sio bahati, ni onyo. Hatari ya stroke kubwa huwa juu sana siku mbili za kwanza, kwa hivyo unaenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama umepona.

Utaijua aje? Shika U moja na M tatu

Uso: mwambie msee acheke. Upande mmoja ukilala, hiyo ni dalili.

Mkono: mwambie ainue mikono yote mbili juu. Mmoja ukishuka ama ukikataa kuinuka, hiyo ni dalili.

Maneno: mwambie aseme sentensi rahisi, kama jina yake na mahali anaishi. Akiongea kama mdomo umejaa chakula, ama maneno hayana maana, hiyo ni dalili.

Muda: ukiona hata moja ya hizo, cheki saa na uanze safari ya hospitali.

Kuna zingine pia: jicho moja kukosa kuona ghafla, kuona vitu mbili mbili, kizunguzungu na kushindwa kutembea, ama maumivu ya kichwa yenye imekuja kwa ghafla kuliko yoyote umewahi skia. Neno la maana hapa ni ghafla. Stroke haiji polepole kama homa.

Na hapa ndio mayut wa Mlima hupotea. Jumamosi usiku kwa base, Kiawara ama Majengo, msee anaanza kuongea vibaya na kuyumba. Mbogi inacheka, inasema amelewa chakari, inamlaza kwa benchi mpaka asubuhi. Pombe hulegeza mwili mzima, kushoto na kulia. Stroke mara nyingi hushika upande mmoja. Kwa hivyo kabla ya kumlaza, mwambie acheke na ainue mikono. Ni sekunde kumi tu. Na kama huna uhakika, mpeleke. Heri muambiwe hospitali kuwa ni pombe kuliko mmpate asubuhi hawezi kusimama.

Presha ndio mkubwa wao

Utafiti mkubwa wa INTERSTROKE, uliofanywa kwa nchi 32 na matokeo yake kutoka 2016, ulipata kuwa vitu kumi vinachangia karibu 90% ya stroke zote. Ya kwanza kwa hiyo list ni presha. Zingine ni kutofanya mazoezi, mafuta mabaya kwa damu, lishe, kitambi, stress, sigara, shida za moyo, pombe na kisukari. Karibu zote ni vitu unaweza kubadilisha.

Sasa cheki Kenya. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha karibu mtu mmoja kati ya wanne wa miaka 18 hadi 69 ako na presha ya juu. Na 56% hawakuwa wamewahi kupimwa hata siku moja. Zaidi ya nusu. Presha haiumi, haiwashi, haikunyimi usingizi. Unaweza kukaa nayo miaka kumi ukicheza mpira pale Ruring'u kila Jumapili, na mishipa inaendelea kuchakaa kimya kimya.

Kupima ni dakika tano. Maduka mengi ya dawa mjini hupima kwa pesa kidogo. Pia tangu Septemba 2023 serikali ilitoa wahudumu wa afya ya jamii kama 100,000 nchi nzima, na kwa mkoba wao kuna mashine ya presha na ya sukari. Wanapita nyumba kwa nyumba. Uliza chifu ama kituo cha afya cha karibu wa mtaa wenu ni nani.

Ukienda kupimwa, fanya hivi ndio upate namba ya ukweli. Nusu saa kabla usivute fegi, usinywe kahawa, usitafune jaba. Enda choo kwanza. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Usipige stori ikipima.

Namba ni mbili. Chini ya 120 kwa 80, uko poa. Ikifika 140 kwa 90 ama zaidi, na ikarudi hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya juu na unahitaji daktari. Ikipita 180 kwa 120 na una maumivu ya kichwa, kifua ama macho hayaoni vizuri, usiende nyumbani. Enda hospitali saa hiyo.

Ukipewa dawa, meza kila siku. Kosa kubwa ni kumeza mpaka namba ishuke, alafu kuacha juu umejiskia fiti. Namba ilishuka kwa sababu ya hiyo dawa.

Vitu zingine zinaleta stroke kwa mayut

Fegi. Moshi unaharibu ukuta wa mishipa na kufanya damu igande rahisi. Habari poa ni kuwa ukiacha, hatari inaanza kushuka, na baada ya miaka kadhaa inakaribia ya mtu hajawahi vuta.

Pombe ya mkupuo. Kuna msee hakunywi wiki mzima alafu Ijumaa anakunywa ya wiki mzima. Hiyo inapandisha presha kwa ghafla na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo mpaka damu igande ndani. Ukichanganya na energy drink ndio mbaya zaidi, juu hauskii umelewa na unaongeza.

Jaba na muguka. Huku ni nyumbani kwa zote mbili: miraa ya Igembe kule Meru, muguka ya Mbeere kule Embu. Familia mob zimesomesha watoto na hiyo biashara, na hakuna haja ya kutukana mtu. Lakini mwili haujui biashara. Ndani ya hayo majani kuna kathinoni, kitu inafanya kazi karibu kama amfetamini: moyo unakimbia, mishipa inajikaza, presha inapanda. Utafiti kutoka Yemen na nchi za Ghuba uliotoka 2010 ulionyesha kuwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo wenye walikuwa wanatafuna walipata stroke na kufa zaidi ya wale hawatafuni. Ukiwa na presha, achana nayo. Ukitafuna usiku kucha, ukichanganya na fegi na bia juu yake, umepanga hatari tatu kwa meza moja.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema usipite gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Hesabu: mutura ya jioni, smokie mbili na kachumbari, chips zimemwagiwa chumvi juu, mchuzi umetiwa viungo vya pakiti. Umepita kitambo. Mukimo, githeri na sukuma za nyumbani hazina shida. Shida ni ile chumvi ya kuongeza mezani kabla hata hujaonja.

Dawa za dukani. Hii wengi hawajui. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ukizimeza kila siku kwa mgongo ama goti, zinaweza kupandisha presha. Na zile tembe za kunenepa na kujaza umbo zinauzwa kimya kimya bila jina ya maana? Nyingi huwa na steroidi ndani. Hizo zinapandisha presha na sukari pamoja.

Kukaa sana na kitambi. Dere wa Nyeri–Nairobi anakaa kwa kiti masaa matano ama sita kwa trip moja ya kwenda na kurudi. Msee wa ofisi na wa kubet kwa simu ni hivyo tu. Dakika 30 za kutembea haraka, siku tano kwa wiki, zinasaidia presha, sukari na uzito kwa pamoja. Milima ya huku ni gym ya bure.

Kisukari na kolesteroli. Kama fathe ama mathe ako nazo, wewe pima mapema.

Moyo. Mtoto akiumwa na koo mara kwa mara bila kutibiwa vizuri, anaweza kupata homa inayoharibu milango ya moyo. Miaka ikipita, damu inaganda pale na kutupwa kwa ubongo. Ukiskia moyo unapiga bila mpango ama unakosa pumzi ukipanda ngazi, mwambie daktari.

Virusi vya Ukimwi pia vinaongeza hatari. Mwenye anameza ARV zake vizuri anapunguza.

Hii ni ya wamanzi

Tembe za kupanga uzazi za kila siku zenye estrojeni zinaongeza hatari ya damu kuganda. Kwa manzi mwenye afya, hatari bado ni ndogo sana. Lakini ikiwa unavuta sigara, una presha, ama unapata migraini yenye inakuja na miale ama mistari ya kumetameta kwa macho, hizo tembe sio zako. Shirika la Afya Duniani linasema wazi wenye migraini ya aina hiyo wasizitumie. Usiache ghafla ukabaki bila kinga. Mwambie nesi akubadilishie, kuna njia zingine hazina estrojeni. P2 haina estrojeni, lakini hiyo ni ya dharura, sio ya kila wikendi.

Ujauzito nao, hasa miezi ya mwisho na wiki sita baada ya kujifungua, ni wakati wa kuwa macho. Presha ikipanda, kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, uso na mikono ikivimba, hiyo sio uchovu wa mimba. Enda siku hiyo. Usikose kliniki, kwa sababu kule ndio wanakupima presha kila ukienda.

Shingo yako pia

Kunyolewa kumeisha, jamaa anashika kichwa na kukipindua kwa nguvu mpaka shingo inalia. Wengi hawapati shida. Lakini mishipa mikubwa inayopeleka damu kwa ubongo inapita hapo shingoni, na ikichanika ndani, damu inaganda na kuziba. Hiyo ni moja ya sababu zinazojulikana za stroke kwa watu chini ya miaka 50. Ajali ya nduthi inaweza kufanya hivyo pia. Ukiwa kwa kiti, mwambie tu: massage sawa, kuvunja shingo hapana.

Ni baridi? Amerogwa?

Baridi ya Julai Nyeri inasingiziwa vitu mob. Ukweli ni kuwa baridi hufanya mishipa ijikaze na presha ipande kiasi. Kwa mtu mwenye presha iko sawa, hiyo si kitu. Kwa mtu ako na presha ya juu bila kujua, inaweza kuongeza mzigo. Kwa hivyo vaa jaketi, lakini pima presha pia. Jaketi pekee haitoshi.

Kurogwa nako: stroke inakuja ghafla, inapiga mtu mwenye jana alikuwa fiti, kwa hivyo ni rahisi kutafuta adui. Shida ya hiyo imani ni masaa inakula. Kama familia inataka maombi, waombe wakiwa ndani ya gari.

Ikitokea: masaa manne na nusu

Kwa stroke ya kuzibwa, kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Inafaa kupeanwa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, na mapema ndio poa. Kabla ya kuipeana lazima CT ifanywe, juu ukiwekea mtu mwenye mshipa umepasuka, utammaliza.

Sasa piga hesabu ya huku kwetu. Nyeri hadi Nairobi ni kilomita kama 150. Nanyuki ni karibu 200. Ukikaa masaa mawili ukingoja kama ataamka, alafu mtafute gari, alafu mkimbie Nairobi moja kwa moja, muda umeisha mkiwa barabarani. Plan poa ni hospitali kubwa ya karibu yenye CT inafanya kazi, alafu wao ndio waamue kama mnaenda mbele. Nyeri kuna County Referral, Othaya kuna Mwai Kibaki Hospital, Embu kuna Level 5, Meru kuna Teaching and Referral. Fanya homework leo, sio siku ya shida: piga simu ama pita, uliza CT iko, inafanya usiku, na kama haifanyi wanapeleka wagonjwa wapi.

Mkiwa njiani ama mkingoja:

- Andika saa ya mwisho alionekana akiwa sawa. Daktari atauliza hiyo kwanza.
- Mlaze kwa upande, hasa akitapika ama akiwa hana fahamu.
- Usimpe chakula, chai wala maji. Anaweza kushindwa kumeza na vikaingia kwa mapafu.
- Usimpe aspirini. Hujui kama mshipa umezibwa ama umepasuka.
- Usimpe dawa zake za presha mara mbili ndio ishuke.
- Usimdunge vidole na sindano kutoa damu. Hiyo meseji ya WhatsApp ni uongo.
- Kama ana kisukari, sema. Sukari ikishuka sana inaweza kufanana na stroke, na inatibika haraka.
- Beba dawa anazomeza, kitambulisho na maelezo ya SHA.

Namba za dharura ni 999 na 112, na Kenya Red Cross ni 1199. Kama ambulensi iko mbali na gari ya jirani iko hapo, tumia ya jirani. Nduthi ni hatari kwa mtu hawezi kujishikilia.

Na mkifika, mkiambiwa mlete deposit kwanza, jua haki yako. Katiba ya Kenya, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sema hivyo kwa heshima, lakini sema.

Watu wa Mlima wako na mfano wao wa gharama ya kuchelewa. Kenneth Matiba wa Murang'a aliwekwa kizuizini Julai 1990 kwa kudai vyama vingi. Akiwa ndani, 1991, akapata stroke akiwa na miaka 58. Kesi yake ya fidia baadaye ilieleza korti venye matibabu yalicheleweshwa, na korti ikaamuru serikali imlipe mamia ya mamilioni ya shilingi. Aligombea urais 1992 na kuwa wa pili nyuma ya Moi, lakini mwili wake haukurudi kama zamani mpaka alipofariki Aprili 2018. Yeye alifungiwa mlango. Wengi wetu huchelewa na mlango uko wazi.

Baada ya stroke

Mtu wa miaka 32 akipona nusu, ako na miaka mob mbele yake ya rent, watoto na loan. Ubongo unaweza kujifunza tena, na kazi kubwa hufanyika miezi ya kwanza. Mazoezi ya viungo yanaanza mapema, hospitalini, na yanaendelea nyumbani kila siku hata kama ni kufinya mpira wa soksi. Kama maneno yamepotea, kuna wataalamu wa kuongea. Usimalizie yeye kila sentensi, mpe nafasi.

Kuchoka sana na huzuni ni kawaida baada ya stroke, na sio uvivu. Huzuni ikikaa, hiyo pia inatibiwa. Na mwenye amepata moja ako hatari ya kupata nyingine, kwa hivyo dawa za presha, za kolesteroli ama za kuzuia damu kuganda, venye daktari ameandika, haziachwi juu umeanza kutembea.

Wiki hii fanya tatu

Pima presha, na uandike namba kwa simu. Jua hospitali ya karibu yenye CT. Fundisha mbogi yako U moja na M tatu, juu siku ikikupata wewe hutaweza kujisemea. Ukienda ocha, pima pia fathe na mathe. Na wakikuuliza mbona kijana mdogo anajisumbua na presha, waambie stroke haiulizi kitambulisho.